Sumu Isiyo na Mwenyewe

Siku feni ilipofungwa kinyume, sanduku lilimpa Bonaventure mkono.

Alikuwa amepiga magoti mbele yake na brashi ya rangi, akitafuta nyufa, mara zile glavu mbili ndefu za mpira zikavimba, zikachomoka nje kwenye matundu yake, vidole vyote vimenyooka, kana kwamba ndani kuna mtu anataka kusalimia. Bonaventure hakuitikia salamu. Alitoka nduki mpaka ufukweni, akasimama katikati ya wanawake waliokuwa wakianika dagaa wa ndagala, brashi bado inadondosha rangi, na alipoulizwa anakimbia nini akasema anapunga upepo.

Bwana Verlinden alimfuata akicheka hadi kofia ikamwanguka. Huyu alikuwa mhandisi, Mbelgiji mrefu mwenye Kiswahili alichokiokota Katanga, na watu wa Songo, mtaa alikoishi Bonaventure, walimwita Bwana Polepole kwa sababu neno hilo halikumkauka mdomoni.

"Feni inapuliza!" alisema. "Iko mubaya. Inapashwa kuvuta, Bonaventure. Kuvuta, hapana kupuliza!"

Bonaventure aliitikia "Ndiyo, Bwana," akarudi kazini. Kusema kweli hakuelewa. Tangu kazi ile ianze alikuwa anaitikia ndiyo kwa mambo asiyoyaelewa, na ndiyo zilikuwa zimeshamjaa kifuani.

Alikuwa fundi wa mbao, mzaliwa wa Luvungi, aliyefundishwa kupiga randa na mapadri. Kwenye kituo kile cha utafiti, nje kidogo ya Uvira, kulikuwa na mashine ya kupima uzito. Si uzito wa gunia la mihogo. Ilipima uzito wa chembe ambazo hata Verlinden alikiri hajawahi kuziona kwa macho, na mimi mtu akiniambia anapima asichokiona humwambia ajaribu hayo sokoni. Lakini mashine ilikuwapo, ina mdomo wa chuma upande mmoja na bomba lililopinda mgongoni, na chini yake pampu iliyofyonza hewa yote tumboni mwake usiku na mchana. Kwa muda mrefu ilipima chumvi za maji ya ziwa bila kumsumbua mtu. Kisha, mwaka ule wa 1957, likaja jiwe kutoka Katanga, jeusi, zito kuliko umbo lake, ndani ya kopo la madini ya risasi. Tangu siku hiyo Verlinden akawa anatembea kama mwenye mayai mfukoni.

Jiwe lilikuwa na sumu, alisema. Ili kulipima ilibidi kulisaga, kuliyeyusha, kisha kutia tone moja kwenye mdomo wa mashine, na kila mdomo ule unapofunguliwa, vumbi lingeweza kutoka. Kwa hiyo mdomo wote ungeingizwa ndani ya sanduku la mbao lililopakwa rangi nzito, lenye kioo cha kuchungulia na glavu za kufanyia kazi. Feni ingevuta hewa ya sanduku na kuipitisha kwenye chujio, ili pakiwa na ufa hewa iingie tu, isitoke. Hata pumzi ya pampu ingefungiwa bomba lake na chujio lake. Usipoziba ufa utajenga ukuta, wahenga walisema, ila wahenga hawakufanya kazi na Bwana Polepole. Yeye alitaka moshi upitishwe kwenye kila kiungo, kuona kama unavutwa ndani, na Bonaventure akaenda parokiani kuomba ubani.

Fundi anatengeneza sanduku lenye dirisha la kioo, na sasa anatafuta ubani. Songo nzima ikauliza ni maiti gani huyo anayetaka kuchungulia nje.

Bonaventure mwenyewe alisumbuliwa na swali jingine, na siku moja likamtoka.

"Bwana, iyi sumu iko ya nani?"

"Ya nani? Haiko ya muntu. Inatoka mu jiwe."

"Ndiyo, lakini nani aliitiaka mu jiwe?"

"Hapana muntu. Mungu, labda."

Bonaventure akajikuna shingo. "Na inatafuta nani?"

"Haitafute muntu. Inakamata kila mwenye iko karibu."

Hapo ndipo kichwa chake kilipofungana kama uzi wa nyavu. Katika pande zile, sumu ina mwenyewe. Ni mtu mwenye kinyongo, anaificha chini ya ukucha, anakukabidhi kibuyu huku akitabasamu, na kidole kinagusa pombe. Ndiyo maana anayekukaribisha huonja kwanza, akupe mrija baadaye. Na ndiyo maana kuukataa mrija ni kumnyoshea mwenzako kidole mbele za watu. Mtoto wa bonde la Ruzizi hujua hayo kabla hajajua Baba Yetu. Lakini sumu isiyomchukia mtu, isiyotumwa na yeyote, inayomngoja tu atakayepita? Bonaventure aliigeuza huku na huku kama mbao yenye fundo, asijue aanzie wapi kuipasua.

Masharti aliyashika yote. Ndani ya chumba kile hapana kula, hapana kunywa, hapana kuvuta tumbaku, hapana kupeleka mkono mdomoni. Kila jioni Verlinden alimwosha mikono kwa sabuni na kuipitishia kidude chenye waya, kinacholia kikikutana na ile sumu. Nacho kililia. Tik. Halafu kimya. Tik. Verlinden akasema, "Bon, safi," na kumruhusu aende. Safi vipi, na kimelia? Bonaventure aliona aibu kuuliza. Akajisemea kwamba muzungu anamficha, kama daktari anavyomficha mgonjwa aliyekwisha kufa tayari. Na neno moja la Verlinden likamkaa moyoni kuliko yote: hapana kupeleka ku nyumba.

Nyumbani alikuwapo mkewe Consolate, na tumbo lilikuwa limeshakuwa kubwa. Mimba ya kwanza ilikuwa imetoka mwaka uliotangulia. Bonaventure ndiye aliyechonga kijisanduku cha kumzikia mtoto, kifupi kuliko mkono wake, na hakutaka kuchonga kingine. Aliogopa, na woga wake ulikuwa wa kweli kuliko wa kukimbia glavu.

Basi akaihamisha sheria ya chumba kile mpaka kwake. Akala kwenye sahani yake peke yake. Akajifulia nguo, mwanamume mzima, majirani wanatazama. Akatandika mkeka karibu na mlango na kulala huko.

"Weye unanichukia?" Consolate alimuuliza.

"Hapana."

"Sasa juu ya nini haunigusake? Mutoto anacheza, angalia. Leta mukono."

Bonaventure akaficha mikono mgongoni. "Kesho," akasema. Kesho yake akasema kesho tena, na Consolate akaacha kuuliza, jambo ambalo lilimuumiza zaidi.

Ndipo mama mkwe alipokuja. Pudentienne alitoka Mutarule na mwanawe Pontien, kaka yake Consolate, akiwa na mtungi wa pombe ya ndizi kichwani. Walikaa uani kwenye viti ambavyo Bonaventure mwenyewe alivitengeneza. Pudentienne akatia mrija mtungini, akaonja yeye kwanza, kama adabu inavyotaka, akaufuta ncha kwa kiganja na kumnyoshea.

"Twaa, mukwe wangu."

Bonaventure akautazama mrija. Akiushika, kilicho vidoleni kitaingia. Mama mkwe atakunywa, Consolate atapewa mafunda mawili kwa ajili ya mtoto, na kile kidude kitalia ndani ya tumbo. Akatafuta neno la kuwaeleza, akapekua kichwa chote, na neno alilokuwa nalo lilikuwa moja tu.

"Mabukwe, munisamehe. Sitakunywa. Mikono yangu iko na sumu."

Kukataa tu kungekuwa tusi. Hili halikuwa tusi tena. Mtu amefungua kinywa chake mwenyewe, mbele ya mama mkwe, akakiri kwamba ni mtoa sumu!

Pontien akaruka na kushika tumbo. "Tangu Pasaka! Tangu Pasaka nilikunywaka hapa, na tumbo inaniwaka moto mpaka leo! Mama, umesikia? Amesema mwenyewe!"

"Si sumu ya muntu!" Bonaventure akapiga kelele. "Iko ya mu jiwe! Haina mwenyewe!"

"Sumu haina mwenyewe?" Pudentienne alisimama polepole, mkono kiunoni. "Iko ya mulozi mwenye anaficha jina yake. Mutoto wa kwanza alikufa, nikasema ni Mungu. Sasa naona." Akamshika binti yake mkono. "Kesho Consolate anarudia Mutarule. Atazalia kwetu. Na huyo mutoto hatakuya kujua huu uwanja."

Bonaventure alianza kueleza habari za feni inayovuta badala ya kupuliza, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyozidi kuzama. Nani angemwelewa? Hata yeye hakujielewa. Consolate tu ndiye hakupiga kelele. Alimtazama mumewe, macho yamejaa machozi, akauliza:

"Ni nani alikupatia hiyo sumu?"

"Bwana Verlinden."

"Basi kabla ya kwenda, tupite kwake."

Asubuhi wakaondoka wote wanne kupita njia ya ufukweni, Pontien mbele na mtungi kichwani, kwa sababu Pudentienne alisema pombe iliyokataliwa itakwenda kumtafuta aliyeikataza. Verlinden aliwakuta mlangoni pa kituo. Aliona fundi wake wa mbao, mama mtu mzima, mwanamke mjamzito na zawadi ya pombe, akafurahi sana. Alidhani familia imekuja kuona kazi.

"Weye ndiye mwenye sumu?" Pudentienne akamuuliza bila kuzunguka.

"Ndiyo, mama!" Verlinden akaitikia, uso unang'aa. "Sumu yangu iko humu ndani. Muzuri sana! Imefungwa!"

Pontien nusura auangushe mtungi.

Wakaingizwa chumbani. Sanduku lilikuwa limeumeza mdomo wa mashine, na feni safari hii ilivuta inavyopaswa, kwa hiyo glavu zilikuwa zimesimama ndani, zimevimba, zikielekea kwenye mashine kama mikono ya mtu kipofu. Verlinden akaingiza mikono yake humo, akafungua na kufunga kibati kidogo, akaitoa mitupu. Akawaonyesha viganja. "Munaona? Ninafanya kazi, na sigusi."

"Nimeona," alisema Pudentienne. Akachukua mtungi, akauweka mezani, akatia mrija. "Sasa onja. Weye kwanza."

Uso wa Verlinden ukabadilika. "Hapa? Hapana, hapana! Humu ndani hapana kunywa! Ondoa!"

"Munaona!" Pontien akalia. "Naye anakataa! Mwenye sumu anajua sumu yake!"

Bonaventure aliona ndoa yake inatoka mlangoni kwa miguu yake. Akasahau adabu, akasahau aibu, akakinyakua kile kidude na kumtia Verlinden mkononi.

"Bwana, waonyeshe mikono yangu. Sema kweli mbele yao. Minye nitakufa? Mutoto atakufa?"

Verlinden alimkodolea macho. Halafu akaipitishia mikono ile kidude. Tik. Kimya. Tik. Pudentienne akapiga ishara ya msalaba.

"Kila mangaribi inalia vile," Bonaventure alisema, "na weye unasemaka bon."

Hapo Bwana Polepole alielewa, na nasema kwa heshima yake, hakucheka. Alikigeuza kidude ukutani. Tik. Kimya. Tik. Akakipeleka kwenye mtungi, kwa Pontien, kwa Pudentienne mwenyewe aliyerudi nyuma na kukanyaga mguu wa mwanawe. Tik. Kimya. Tik.

"Inalia fasi yote," alisema. "Ku mawe, ku udongo, ku bantu. Ni kidogo, iko tangu dunia ilianza. Mikono yako iko safi, Bonaventure. Kila siku ilikuwa safi. Sanduku yako ni muzuri."

"Hata minye niko nayo?" Pudentienne aliuliza, amekasirika hasa.

"Hata weye, mama. Hata Papa wa Roma."

Labda mambo yangeishia hapo. Lakini Verlinden, katika kueleza, akabadilisha mkono, na kidude kikasogea karibu na kifundo cha mkono wake wa kushoto. Kikalipuka kwa milio kama mahindi kwenye kikaango cha moto. Alikuwa amevaa saa, ile saa yake ambayo Bonaventure aliitamani siku nyingi kwa sababu mishale yake iling'aa kijani kibichi gizani chini ya mashine.

Hawakungoja maelezo. Pontien alitoka kwanza na mtungi, mama yake nyuma, Bonaventure akimkinga Consolate kwa mwili wake bila kumgusa, na wote wakasimama nje kwenye ngazi wakihema.

Verlinden akawafuata. Lakini kwanza, na Bonaventure alimtazama kupitia mlango kwa mara ya kwanza kwa macho ya kuuliza, alivua saa akaiacha mezani. Akavua koti jeupe, akalitundika kwenye msumari ndani. Akaosha mikono kwa sabuni mpaka viwiko. Kisha akavuka kizingiti, akaukunja mgongo wake mrefu juu ya mtungi, akanyonya pombe ya Mutarule kwa pumzi moja ndefu, mpaka Pontien akakohoa kumkumbusha kwamba wako wengine. Akaufuta mrija kwa kiganja. Bila shaka mtu alikuwa amemfundisha adabu hiyo huko Katanga. Akamnyoshea Bonaventure.

"Ndani, hapana," alisema. "Inje, ndiyo."

Kizingiti kile Bonaventure alikuwa amekivuka kila siku. Hakujua kwamba sheria ilikuwa inabaki nyuma yake, imetundikwa kwenye msumari pamoja na koti. Yeye aliibeba mpaka Songo, akaitandika chini, akalala juu yake. Akashika mrija kwa mkono mtupu, akanywa, akampa Pontien, naye Pontien akanywa, pamoja na tumbo lake na moto wake wote. Baadaye ilijulikana ni minyoo.

"Na ile saa?" Pudentienne akauliza.

"Aa, saa!" Verlinden akapunga mkono. "Iko kidogo tu, mu rangi ya mishale. Ni juu ya kuona mu giza." Akarudi ndani, akaivaa tena, akaanza kufungua kopo la risasi kwa tahadhari kubwa, polepole, nyuma ya kioo.

Kikulacho ki nguoni mwako. Bonaventure alimtazama, asijue kama acheke au amwonye, na mpaka leo sidhani kama alijua. Jiwe limefungiwa sanduku lenye feni na machujio mawili, saa imefungwa mkononi kwa mkanda wa ngozi. Na yeye Bonaventure alikuwa ameitamani.

Akamgeukia mkewe. Consolate hakuwa amegusa pombe. Alikuwa ameegemea ukuta wa ngazi, na uso wake haukuwa na furaha yoyote.

"Minye sikukujaka juu ya pombe," alisema.

"Sikujua," Bonaventure akajibu. "Kilikuwa kinalia, na minye..."

"Na haukuuliza."

"Nilisikia haya."

"Haya." Alilitamka neno lile taratibu. "Kila usiku, minye nalia ku ukuta, weye ku mulango. Na mikono iko safi."

Bonaventure akainamisha kichwa. Alilia tu, waziwazi, mbele ya mama mkwe, ambaye kwa desturi mkwe hapaswi hata kumtazama sana usoni. Consolate akaushika mkono wake wa kulia, ule wenye sugu za randa, akauweka tumboni na kuukandamiza. Pudentienne aligeuka haraka akaanza kuliangalia ziwa, kama mtu anayehesabu mawimbi, na akampiga Pontien kofi la bega ili naye aangalie ziwa.

Mtoto alikaa kimya, kana kwamba naye amekasirika. Kisha akapiga teke, mara moja, chini ya kiganja kabisa.

"Umesikia?" Consolate akauliza.

"Nimesikia."

"Basi na weye unijibu. Ukirudia humo ndani kesho na kitu kikikuwa kinakushinda, utafanya nini?"

"Nitauliza," Bonaventure alisema, na mkono hakuutoa.